Mita Chache za Mwisho: Burudani ya Kusaka Makasha kwa Setilaiti

Jumatano, tarehe 3 Mei 2000, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer alibeba ndoo nyeusi ya plastiki hadi kwenye vichaka vya Beavercreek, nje ya jiji la Portland katika jimbo la Oregon, Marekani. Aliifukia nusu, akatia ndani daftari na penseli, kanda za video, vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Kisha akaingia kwenye jukwaa la intaneti la wapenzi wa vifaa vya GPS, akatangaza latitudo na longitudo ya mahali alipoiacha. Sharti lilikuwa jepesi: atakayeipata achukue kitu, aache kitu, na aandike daftarini alichochukua na alichoacha.

Ndani ya siku tatu, watu wawili walikuwa wamekwisha kuifikia. Wa kwanza, Mike Teague wa Vancouver katika jimbo jirani la Washington, alianza kukusanya namba za ndoo na makopo mengine ambayo watu walishaanza kuyaficha kwa kumuiga Ulmer. Mwezi huohuo Matt Stum akaupendekezea mchezo jina la jiokashi, na tarehe 2 Septemba 2000 Jeremy Irish akafungua tovuti ya kuorodhesha makasha yote yaliyojulikana. Siku hiyo yalikuwa 75.

Leo yamepita milioni 3, katika nchi zaidi ya 190 na katika mabara yote, Antaktika ikiwemo. Mwaka 2008 Richard Garriott, Mmarekani aliyelipia safari yake ya anga, aliacha kasha moja ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Gari la utafiti Perseverance, lililotua Mirihi Februari 2021, limebeba kibamba chenye namba ya mchezo huohuo.

Vifaa vya GPS ndivyo vilivyouzaa mchezo huu, lakini haviutoshelezi. Kipokezi kizuri humfikisha msakaji mita tano au kumi kutoka kwenye kasha, kisha kinaishiwa maarifa. Mita zinazobaki zinamtaka atumie macho yake, na kasha atalikuta salama ikiwa tu wote waliotangulia hapo walifuata adabu ya mchezo. Hakuna mlinzi, hakuna kufuli wala kiingilio. Watu wasiojuana wameaminiana kwa miaka zaidi ya 20, na uaminifu huo ndio unaostahili kuchunguzwa kwa makini na yeyote anayetaka kuujaribu mchezo huu Afrika Mashariki.

Usiku setilaiti ziliposema kweli

Tarehe ya ndoo ya Ulmer haikuwa ya bahati nasibu. Mfumo wa GPS ulijengwa na jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi raia walipewa mawimbi yaliyochakachuliwa kwa makusudi. Jeshi lilihofia kwamba adui angeutumia mfumo huo kulenga silaha, hivyo likapotosha mawimbi ya raia kiasi kwamba kifaa kingeweza kukosea hadi mita 100. Kwa nahodha aliye katikati ya bahari, mita 100 si tatizo. Kwa mtu anayetafuta ndoo kichakani, ni sawa na kutopewa chochote.

Njia ya kuwapa raia mfumo huo ilifunguliwa na msiba. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Watu wote 269 waliokuwemo walifariki. Baada ya tukio hilo Rais Ronald Reagan aliahidi kwamba GPS ikikamilika itatumiwa na raia bure. Miaka 17 baadaye, tarehe 1 Mei 2000, Rais Bill Clinton alitangaza kuwa upotoshaji wa makusudi unakomeshwa, na saa chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 2, swichi ikazimwa. Vipokezi vilivyokuwa mikononi mwa watu duniani kote vikawa sahihi mara kadhaa zaidi, bila mtu kununua chochote. Ulmer alitaka kuupima usahihi huo, na kesho yake akabeba ndoo.

Hata hivyo hamu ya kuficha na kutafuta ni ya zamani kuliko setilaiti. Mwaka 1854 James Perrott, kiongozi wa wasafiri katika nyika ya Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili waliofaulu kufika huko waache kadi zao. Desturi hiyo ilikua hadi kuwa mchezo wa visanduku vyenye mihuri ambao unaendelea Dartmoor hadi leo. Ulmer na wenzake waliongeza jambo moja: uwezo wa kumwelekeza mtu asiyeijua nchi hadi kwenye kisiki kimoja, kwa namba mbili tu.

Kinachosakwa

Msakaji hufungua programu ya simu au tovuti, akachagua kasha lililo karibu, akasoma maelezo yake. Kila kasha lina alama mbili za ugumu, kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza hupima akili: ni rahisi kiasi gani kuliona? Ya pili hupima miguu: njia ni tambarare, au inahitaji kamba na vifaa vya kupandia milima? Kasha la 1 kwa 1 humfaa mtoto au mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Kasha la 5 kwa 5 huweza kuhitaji mtumbwi au siku nzima ya kutembea.

Ukubwa nao hutofautiana. Yapo makopo ya chuma ya kuhifadhia risasi yaliyonunuliwa kwenye maduka ya mitumba ya kijeshi, imara na yasiyopitisha maji. Yapo ya plastiki yanayofanana na vyombo vya kuwekea chakula jikoni. Yapo yaliyotokana na vikopo vya filamu za kamera za zamani. Yapo pia yenye ukubwa wa kucha, yenye sumaku, ambayo ndani yake hamna nafasi ya kitu isipokuwa ukanda wa karatasi wa kuandikia jina. Ndani ya kila kasha lazima kuwe na karatasi au daftari la kusaini. Vinyago vidogo, sarafu na vibanio vya nywele ni nyongeza inayowafurahisha zaidi watoto.

Aina za mchezo zimeongezeka tangu ile ndoo. Kuna kasha la kawaida, ambalo namba zake humfikisha mtu moja kwa moja. Kuna la hatua nyingi, ambalo kituo cha kwanza hutoa namba za kituo cha pili, na cha pili za cha tatu. Kuna la fumbo, ambalo namba zake halisi hupatikana baada ya kutatua hesabu au kitendawili nyumbani. Aina nyingine haina chombo kabisa: ni kasha la dunia, lililoanza Australia Januari 2004 na kusimamiwa kwa ushirikiano na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. Katika aina hiyo mtu huenda penye mwamba, chemchemi au volkano, akatazama, akapima, kisha akajibu maswali kuhusu jinsi mahali hapo palivyotokea.

Pia kuna vitu vya kusafiri. Ni vibamba vya chuma vyenye namba ya pekee, vilivyofungwa kwenye kinyago au ufunguo, vikiwa na lengo lililoandikwa na mwenyewe: kifike baharini, kipande mlima, kiizunguke dunia. Msakaji hukichukua kwenye kasha moja na kukiacha kwenye jingine, na mwenyewe akiwa kwake hufuatilia safari nzima kwenye ramani. Lile kopo la maharage la Ulmer, lililopatikana tena mwaka 2003 wakati wa kutafuta mahali pa kuweka bamba la kumbukumbu, limekuwa kitu cha kusafiri chenye namba yake.

Kifaa mkononi

Setilaiti za GPS zipatazo 30 huizunguka dunia mara mbili kwa siku, kilomita zipatazo 20,200 juu ya ardhi. Kila moja imebeba saa za atomiki na hutangaza bila kukoma mambo mawili: hapa ndipo nilipo, na hii ndiyo saa yangu. Kipokezi hakitumi chochote angani, kinasikiliza tu. Kwa kulinganisha muda ambao mawimbi yametumia njiani kinapata umbali wake kutoka kwa kila setilaiti. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kukipa mahali kilipo, lakini saa yake yenyewe ni ya bei nafuu na hukosea, kwa hiyo inahitajika setilaiti ya nne ya kuisahihisha. Mawimbi husafiri kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300 ardhini.

Usahihi huo una deni kwa wanahisabati pia. Ili umbali kutoka angani uwe mahali ardhini, sharti umbo la dunia lijulikane vizuri, na dunia si duara kamili. Miongoni mwa waliolihesabu umbo hilo ni Gladys West, mwanahisabati Mmarekani mweusi aliyefanya kazi kwenye kituo cha jeshi la majini huko Dahlgren, Virginia. Mchango wake ulitambuliwa rasmi mwaka 2018, miongo kadhaa baada ya kazi yenyewe.

Swali la kwanza la kila anayeanza ni kama simu inatosha. Inatosha. Chini ya anga iliyo wazi, simu za kisasa kwa kawaida huonyesha mahali kwa usahihi wa karibu mita 5, na nyingi hupokea pia mawimbi ya mifumo mingine: Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Wala simu haihitaji bando ili kupokea mawimbi hayo. Bando linahitajika kupakua ramani na maelezo ya kasha, kazi inayoweza kufanywa nyumbani kabla ya kuondoka. Bila mtandao simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujua ilipo, kwa sababu inalazimika kupokea ratiba ya setilaiti kutoka angani moja kwa moja, na ratiba hiyo hutumwa polepole.

Vipokezi vya mkononi, kama vile Garmin eTrex ambavyo vimekuwa mikononi mwa wasakaji tangu mwaka 2000, vina faida porini. Baadhi ya matoleo hufanya kazi takriban saa 25 kwa betri mbili ndogo za AA zinazopatikana dukani. Hustahimili kuzamishwa majini mita moja kwa nusu saa, na havihitaji kuonewa huruma vinapoanguka kwenye mawe. Kwa matembezi ya mjini simu ni bora kwa kila hali. Kwa siku mbili milimani, kipokezi kinalipa gharama yake.

Makosa mengi hutokea kwenye namba. Jiokashi huandika mahali kwa digrii na dakika zenye desimali tatu. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, kwa hiyo sehemu moja ya elfu ya dakika ni chini kidogo ya mita 2. Mtu akipewa 6° 30.500′ akasoma kana kwamba ni dakika 30 na sekunde 50, atasimama zaidi ya mita 600 kutoka mahali sahihi na kulaumu setilaiti bure.

Kwa wakazi wa kusini mwa ikweta upo mtego mwingine. Vifaa na programu nyingi hudhani kwamba latitudo ni ya kaskazini mpaka ziambiwe vinginevyo. Anayetafuta kitu katikati ya Dar es Salaam, penye latitudo 6° 48′ kusini, akisahau kubadili herufi moja, atapelekwa kilomita zipatazo 1,500 kaskazini, kwenye nyanda za juu za Ethiopia upande wa milima ya Bale.

Halafu kuna ramani za karatasi. Ramani nyingi za zamani za upimaji wa Kenya, Tanzania na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, uliotokana na kazi ndefu ya kupima tao la meridiani ya 30 kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika, iliyokamilika mwaka 1954. GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zilezile katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300 ardhini. Mtu anayesoma mahali kwenye ramani ya zamani na kuingiza namba hizo kwenye simu bila kuzigeuza atafika upande mwingine wa kijiji. Vipokezi vingi vina sehemu ya kuchagua mfumo kwenye mipangilio, na kabla ya kutoka na ramani ya aina hiyo ni wajibu kuitazama.

Mazingira nayo hudanganya. Mawimbi ya setilaiti yakifika ardhini huwa hafifu mno. Majani mabichi ya msitu huyapunguza, na kuta ndefu huyadundisha, kifaa kikadhani yamesafiri mbali zaidi. Katika vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kati ya kuta za mawe, alama ya mahali kwenye simu huweza kuruka kutoka paa moja hadi jingine wakati mtu amesimama tuli. Kwa sababu hiyo mfichaji makini hapimi mara moja tu. Huacha kifaa kitulie, hupima mara kadhaa, ikiwezekana kwa siku tofauti, kisha huchukua wastani. Msakaji naye, kifaa kikionyesha amebakiza mita kumi, hukitia mfukoni na kuanza kujiuliza: kama ningekuwa mimi, ningeficha wapi?

Adabu za mchezo

Sheria ya kwanza ni ile ya Ulmer: ukichukua kitu, acha chenye thamani ileile au zaidi. Asiye na cha kuacha asaini tu na kurudisha kasha. Kinachothibitisha ushindi ni jina kwenye karatasi. Anayeandika mtandaoni kwamba amepata, ilhali hakugusa daftari, huweza kufutiwa kumbukumbu yake na mwenye kasha.

Kasha hurudishwa palepale lilipokuwa, limefunikwa vilevile, na kifuniko kimefungwa mpaka mwisho. Wengi hushawishika kulihamishia mahali wanapoona ni pazuri zaidi. Hawapaswi, kwa sababu namba ni za mwenyewe, na atakayefuata atapotea kwa hisani ya mtu mwema.

Chakula hakiwekwi, hata pipi, kwa kuwa wanyama hunusa na kubomoa kasha. Ndoo ya kwanza yenye maharage yake isingeruhusiwa leo. Haziruhusiwi pia pombe, dawa, visu, baruti wala kitu chochote ambacho mzazi asingependa mwanawe akikute. Kuchimba nako kumekatazwa, wakati wa kuficha na wakati wa kutafuta, na hapo tena ndoo ya Beavercreek iliyofukiwa nusu ingekataliwa. Msakaji anayejua hakuna kilichofukiwa hana sababu ya kufukua udongo, kung'oa mimea au kupindua kila jiwe. Misumari haipigwi kwenye miti. Mawe ya mipaka na bikoni za wapima ardhi haziguswi kamwe.

Kutoka kasha moja hadi jingine panahitajika nafasi ya angalau mita 161, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya maili, ili eneo lisijazwe vyombo. Kabla kasha halijatokea kwenye orodha, huhakikiwa na wachezaji wazoefu wanaojitolea. Hao hutazama umbali huo, ruhusa ya mwenye ardhi, na kama mahali penyewe si shule, reli, kambi ya jeshi au daraja nyeti.

Wakati wa kutafuta, usiri ni sehemu ya heshima. Kasha hupotea mara nyingi pale mpita njia anapomwona mtu akilitoa, akadhani ni takataka au mali isiyo na mwenyewe. Msakaji husubiri watu wapite. Akirudi nyumbani hasimulii mtandaoni lilivyofichwa, ili asiwanyang'anye wengine furaha ya kulitafuta. Akishindwa, huandika wazi kwamba hakulipata, jambo ambalo wageni huona aibu kulifanya. Taarifa za watu watatu waliokosa mfululizo ndizo zinazomwambia mwenyewe kwamba huenda kasha limeibwa au kusombwa na mvua.

Vitu vya kusafiri havikaliwi. Anayekichukua hukisogeza mbele ndani ya wiki moja au mbili, au humjulisha mwenyewe kwa nini amechelewa. Na tangu mwaka 2002 wachezaji wana desturi ya kutoka na mfuko wa taka: wanapokwenda kutafuta, wanaokota chupa na plastiki njiani. Siku maalumu hupangwa ambapo kundi zima husafisha bustani au ufuko, na kazi hiyo huhesabiwa katika rekodi ya mchezaji sawa na kupata kasha.

Adabu inapokosekana

Julai 2011, katika mji mdogo wa Wetherby kaskazini mwa Uingereza, mtu alionekana akifanya jambo la kutia shaka nje ya mkahawa. Polisi waliitwa, barabara kuu ikafungwa, watu wakahamishwa, na kikosi cha jeshi cha kutegua mabomu kikakilipua kitu kilichokutwa hapo. Kilikuwa kasha la jiokashi. Hakuna aliyeumia, lakini tukio hilo lilionyesha jinsi mchezo usioeleweka na majirani unavyoweza kuugharimu mji mzima. Tangu zamani wachezaji makini hupendelea chombo kinachoonyesha kilichomo, chenye maandishi ya wazi kwa nje, na huwajulisha wenye majengo ya jirani.

Hatari nyingine ni ya mchezaji mwenyewe. Juni 2018 kundi la wasakaji liliingia kwenye mfereji wa chini ya ardhi mjini Prague, Jamhuri ya Czech. Mvua kubwa ilinyesha ghafla, maji yakajaa, na wawili kati yao wakafariki. Alama ya ugumu kwenye orodha hueleza njia ilivyo siku ya kawaida, haijui mawingu ya leo. Hakuna kasha linalostahili mtu kuingia mtoni, kwenye bomba au ukingoni mwa jabali asipopaamini.

Njia ya Afrika Mashariki

Mchezo huu umekwisha kufika Afrika Mashariki, ingawa makasha ni machache yakilinganishwa na Ulaya, na mengi huwavutia zaidi watalii na wageni wanaofanya kazi huku. Hapo ndipo penye doa. Kanuni zinamtaka mfichaji aweze kulirudia kasha lake na kulitengeneza. Mgeni wa wiki mbili hawezi. Chombo alichokiacha hupasuka, karatasi zikaoza, na kinachobaki ni plastiki kichakani yenye jina la mchezo. Kwa kawaida wahakiki hukataa makasha ya likizo yasiyo na mtunzaji wa karibu, na wana haki. Tiba yake ni wachezaji wenyeji.

Sababu za wenyeji kuuchukua mchezo huu zipo. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania hufundishwa hesabu za dunia kama tufe: latitudo, longitudo, umbali wa miji kwa maili za baharini. Wengi huzijua kwa ajili ya mtihani, wakazisahau. Mwalimu wa jiografia mwenye simu moja na vikopo vitano, ndani ya uwanja wa shule yake mwenyewe, anaweza kuwafanya wanafunzi waone dakika moja ya latitudo kwa miguu yao. Mchezo wa ndani ya shule wala hauhitaji kuorodheshwa popote.

Kwa maeneo ya kuvutia, kasha la dunia lisilo na chombo ndilo linalofaa zaidi. Hifadhi za taifa na mapori ya akiba si mahali pa kuachia plastiki, na mamlaka zake ndizo zenye kauli juu ya nani afanye nini ndani. Lakini maswali yanaweza kuulizwa popote mgeni anaporuhusiwa kusimama. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma lenye uzito wa takriban tani 16, na mtu anaweza kulipima urefu na kueleza kwa nini halifanani na miamba iliyolizunguka. Mapango ya Amboni huko Tanga yanaonyesha maji yanavyokula mawe ya chokaa. Ol Doinyo Lengai, mlima wa mita 2,962 kaskazini mwa Tanzania, ndio volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava ya aina ya natrokaboniti, yenye joto dogo kuliko lava nyingine zote. Mtu hahitaji kuupanda ili kuusoma; umbo lake linaonekana vizuri kutoka chini.

Mijini tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi. Jiji la Nairobi lilipata mlipuko wa bomu wa mwaka 1998 na shambulio la kigaidi la Westgate la 2013, na huko kifurushi kisicho na mwenyewe si jambo la mzaha. Kasha lisiwekwe karibu na ubalozi, kituo cha mabasi, jengo la serikali, soko, msikiti wala kanisa. Vijijini tatizo ni jingine: mgeni anayezunguka vichakani akitazama kifaa huleta maswali, kwa haki kabisa. Anayeanza kwa kusalimu wazee, akafika ofisi ya kijiji au ya serikali ya mtaa na kueleza shughuli yake kabla ya kuifanya, hupata ruhusa na mara nyingi hupata pia mlinzi wa kasha bila kumwomba. Na porini mkono hautiwi kwenye shimo au chini ya jiwe kabla ya kupapekua kwa fimbo. Nge na nyoka hawasomi orodha.

Anayetaka kuanza hahitaji kununua chochote zaidi ya kalamu, kwa kuwa makasha mengi hayana. Afungue akaunti ya bure, achague kasha la ugumu mdogo na la ukubwa unaoonekana, kisha asome tarehe ya mtu wa mwisho aliyelipata. Kama ni miaka mitatu iliyopita, atafute jingine. Apakue ramani nyumbani, aandike namba kwenye karatasi pia, aangalie kama herufi ni S au N, na amwambie mtu anakokwenda. Aende mchana, na mwenzake.

Kuficha kunakuja baadaye. Inashauriwa mtu apate angalau makasha 20 ya wenzake kabla ya kuficha la kwake, ili ajue lipi hudumu na lipi huvunjika. Kwa pwani yenye unyevu na chumvi, kopo la bati hushika kutu upesi, na plastiki nyembamba hupasuka kwa jua. Chombo chenye mpira kwenye kifuniko ndicho kinachofaa, na daftari liwe ndani ya mfuko wake wa plastiki. Klabu ya mazingira ya shule, kundi la skauti au wapanda milima wa mji mmoja wakigawana zamu za kukagua, kasha moja kwa kila mwezi wa mwaka, hakuna atakayelemewa. Zamu ya kwanza iwe mara baada ya mvua za masika, na mtu wake aende na karatasi kavu, kalamu mpya na mfuko wa taka.